Nyuma ya Picha ya Bi. Nuru

Siku ya hitima ya Bi. Nuru nilikaa ghorofani na wanawake wenzangu, nyumba ya majirani zake hapo Kibokoni, na wanaume walikuwa chini na kipaza sauti chao. Dua ilikuwa imekwisha, pilau imeshapakuliwa, kila kundi limezunguka sinia yake. Ndipo mwakilishi wa wadi wa siku hizi, kijana wa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, akaomba nafasi aseme maneno mawili. Maneno mawili ya wanasiasa mnaujua urefu wake. Akamsifu marehemu kwa ualimu wake, akamsifu kwa subira, ambayo Bi. Nuru hakuwa nayo hata chembe, kisha akasema: "Marehemu aliwahi kugombea udiwani zama zile, akashindwa, na akayapokea matokeo kwa moyo safi. Nasi tujifunze kwake." Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalirudisha kwenye sinia nikasema, kwa sauti ambayo natumai ilifika chini, "Mwongo huyo!" Wasichana waliokuwa wakigawa maji wakanikodolea macho, maana mimi ni mtu mzima sasa, nina wajukuu, na kwenye hitima watu hawatukanani. Mmoja akaja akachutama karibu yangu, akaniuliza kwa adabu, "Kwani ilikuwaje, Bi. Mwanaidi?" Nikaanza kumweleza mambo ya mlolongo, naye akadhani namtania. Watu kuchagua diwani kwa kupanga foleni nyuma ya picha? Mbele ya kila mtu? Alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa mtandio. Basi nikaazimia kuandika nikifika nyumbani, kwa sababu sisi tuliosimama pale tunapungua, na wenye vipaza sauti wanazidi.

Ana haki ya kucheka. Mwaka ule aliogombea Bi. Nuru, kuchagua diwani kulikuwa hivi. Chama kilikuwa kimoja tu nchi nzima, na mtu akitaka kuingia katika baraza la manispaa ilimbidi kwanza apite kwenye mchujo wa chama hicho. Mchujo wenyewe haukuwa na karatasi wala sanduku. Kila mgombea alimsimamisha wakala wake uwanjani, wakala ameinua picha ya mtu wake, na watu wakajipanga nyuma ya picha waitakayo, mchana kweupe, mwenye nyumba akimwona mpangaji wake, mume akimwona mkewe. Karani akapita akihesabu vichwa. Aliyepata zaidi ya sabini kwa mia alikuwa ameshapita, mambo yamekwisha, hapana uchaguzi mwingine. Asipofika hiyo sabini, ndipo wagombea walipopelekwa kwenye kura ya siri, ile ya karatasi na sanduku tunayoijua leo. Hayo yote niliyasikia kwa mara ya kwanza kupitia dirishani, nikichambua mchele.

Habari za wazazi wangu na kilichonileta mjini nitaziacha. Kila mtu ana wazazi. Nilikuwa nakaa kwa ami yangu Faraj, nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi za mbao zilizolia kila ukikanyaga, hata ukitoka kwa siri nyumba nzima ilijua. Asubuhi nilikwenda Ganjoni kwenye chuo cha kupiga chapa, adhuhuri narudi, na mchana kutwa nilikuwa chumba cha mbele pamoja na mke wa ami, ambaye sote tulimwita Mama Salim. Dirisha la chumba kile lilikuwa juu kabisa ya baraza ya nje, mahali ami alipokaa na rafiki zake kila baada ya alasiri wakinywa kahawa, na kwa sababu wanaume huamini kwamba maneno hayapandi juu, tulijua mambo ya mji mzima bila ya kutoa mguu. Mama Salim alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuna nazi, akachuja tui, akasikiza. Akisikia jambo zito alisimamisha mbuzi ya kukunia nazi kidogo, kisha akaendelea. Nilikaa naye miezi mingi nikidhani ni mtu asiye na maoni. Leo nikimkumbuka najionea aibu kwa ujinga ule, maana hakuna aliyekuwa na maoni mengi kama yeye. Hakuwa na mtu wa kumwambia tu.

Aliyetawala baraza ile alikuwa Bwana Nasoro, diwani wetu, mtu mnene wa kicheko kikubwa, rafiki wa ami tangu wakiwa wadogo kwenye chuo cha Kurani. Yeye ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha udiwani bomba la mtaa wetu lilipokauka. Manispaa ilisema mabomba ni mabovu yatatengenezwa, na wiki hiyo hiyo ikaanza kupita mikokoteni ya kuuza maji, na mikokoteni ilikuwa ya nduguye Nasoro. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, tuliyaogea na kufulia, ngozi ikawasha. Maji ya chai, ya wali, ya mtoto mchanga, yalinunuliwa kwa madebe mlangoni. Wanaume hawakuyaona sana, kwa kuwa wao waliletewa chai tayari. Siku moja nikamsikia Nasoro akiwauliza wenzake, anacheka, "Safari hii nani atasimama na mimi?" Mmoja akamjibu, "Hayuko." Mwingine akasema, "Na akisimama, nyuma yake atasimama nani? Nani atakayekupa mgongo mbele ya mato yako, ukimtazama?" Wakacheka wote, na ami yangu akacheka kuliko wote, maana yeye ndiye aliyekuwa ameteuliwa kuwa wakala, atakayeshika picha. Mbuzi ya nazi ikasimama. Mama Salim akanitazama, akasema, "Mwamsikia?" kama vile tulikuwa wengi chumbani.

Bi. Nuru alifika kwetu siku chache baadaye, bila ya kualikwa, kama ilivyokuwa desturi yake. Alikuwa ameshastaafu ualimu, na nusu ya wanawake wa mtaa alikuwa amewafundisha hesabu na kuwachapa kwa rula. Alikuwa mrefu, mkali, anajipenda. Udi wake ulitangulia kwenye ngazi kabla yake. Akakaa kwenye kiti kizuri, akaionja kahawa yetu akasema imekaa sana motoni, kisha akasema kwamba yeye anataka udiwani. Mama Salim akamuuliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo mdomoni, kwamba atamshindaje Nasoro kwa mlolongo, na wanaume wote wa mtaa wamo mfukoni mwake. "Simshindi," akasema Bi. Nuru. "Kwani nani kasema kumshinda? Mimi nataka akose sabini kwa mia, basi. Akikosa sabini twenda kwenye kura ya siri, na kwenye kura ya siri hakuna mume atakayekuchungulia. Huko ndiko n'takakomsomesha hesabu." Mama Salim akafikiri. "Na hao wa kumpunguzia sabini ni kina nani?" "Ni swiswi." "Wanawake? Uwanjani? Mbele ya waume zao?" Bi. Nuru akacheka kile kicheko chake cha puani. "Na mabuibui yao, nyuso wamefinika. Tangu lini mwanamume wa Kibokoni akamjua mkewe wakipishana ndiani?"

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka ule. Tulihitaji wanawake wa kutosha wasimame nyuma ya picha ya Bi. Nuru, wahesabiwe, ili Nasoro asifike sabini. Hilo tu. Na njia tuliyoitumia kuwapata mpaka leo nikiikumbuka huwa nacheka peke yangu. Kwetu arusi haialikwi kwa kadi. Hupitiwa nyumba kwa nyumba. Wanawake wawili wawili wamevaa vizuri wamejifukiza, wanapiga hodi, wanapanda juu, wanakaribishwa, wanatoa salamu za wenye shughuli na siku yake. Mwanamume akiwaona watu wa kualika wakiingia nyumbani kwake husogea awapishe, haulizi kitu, hayo ni mambo ya kike. Bi. Nuru akatugawa wawili wawili. Mimi nilikuwa na Mama Mutheu, mke wa Bwana Kioko, watu wa Ukambani waliopanga chumba nyuma ya msikiti. Mumewe alikuwa karani bandarini, na Mama Mutheu alikuwa akipanga dumu lake pamoja nasi kwenye mkokoteni wa maji. Nilimvalisha buibui langu la pili. Akawa anakanyaga pindo na kunong'ona, "Mwanaidi, hii nguo yenu ina ngazi ngapi?" Tukapanda nyumba baada ya nyumba. Tulikunywa sharubati mpaka matumbo yakalia, na kila tulikoingia, mlango wa juu ukishafungwa, tulisema, "Bi. Nuru awaalika uwanjani."

Wanaume wakaona wanawake wa kualika wanapita kila jioni, wakajua arusi ni kubwa, ila hawakujua ya nani. Ami akamuuliza mkewe wakati wa chakula, na Mama Salim, bila ya kuinua macho kwenye sahani ya samaki wa kupaka, akasema, "Ya Bi. Nuru." Ami nusura apaliwe. "Bi. Nuru yuwaolewa? Na ule utu uzima? Na nani huyo mwenye moyo?" Mama Salim akasema, "Hatujaambiwa." Kesho yake baraza nzima ilikuwa haina mazungumzo mengine. Walimkisia kila mjane wa kiume wa mji, wakampa mmoja mmoja pole. Na Bwana Nasoro, ambaye hakuwa mtu wa kuachia shughuli ipite bila ya jina lake, akatuma nyumbani kwa Bi. Nuru sinia ya halwa, kubwa, imefinikwa kitambaa, pamoja na salamu zake za heri. Tuliila wakati wa mkutano wetu wa mwisho, wanawake tumejaa ukumbini mpaka kwenye ngazi. Siwezi kusema uongo, ilikuwa halwa nzuri, imekolea hiliki. Bi. Nuru aliikata mwenyewe akitugawia, akisema kwa kila mmoja, "Kula, mamangu. Ni maji yenu haya."

Siku ya kupeleka majina ya wagombea kwenye ofisi ya chama Bi. Nuru alitoka amevaa nguo za shughuli kweli kweli, akashuka mtaa mzima kwa miguu, na jioni ile baraza haikucheka. Nilimsikia Nasoro akisema polepole, "Kumbe arusi ndiyo hii." Ami akapanda ngazi kwa haraka, ngazi zikapiga kelele zote kwa pamoja. "Mwalijua?" akauliza. Mama Salim akamjibu, "Swiswi twalialikwa arusi, tukenda." Ami akasimama katikati ya chumba, akanyoosha kidole, kwanza kwa mkewe, kisha kwangu. "Siku ya mlolongo mimi ndiye nishikaye picha ya Nasoro. Hapana mwanamke wa nyumba hii atakayetoa mguu nde ya mlango. Mwanisikia?" Tulimsikia. Sikuwa nikimchukia ami, nataka nieleweke. Alikuwa mtu mwema, alinilipia chuo, aliniletea viazi vya karai kila Ijumaa. Lakini usiku ule nililala nikiwa na hasira mpya ambayo sikuijua, si kwa sababu amenikataza, bali kwa sababu hakuwa na wasiwasi hata kidogo kwamba naweza nisitii.

Bi. Nuru naye alikuwa na shida moja iliyobaki. Wakala wa kushika picha yake lazima awe mtu wa kuonekana uso, na hakuna mwanamume wa Kibokoni aliyethubutu. Wengine walikuwa wapangaji wa Nasoro, wengine wamekula kwake, wengine ni jamaa. Aliyekuja mwenyewe kusema atashika ni Bwana Kioko. Alipanda kwa Bi. Nuru akiwa bado na nguo za kazi, akakataa kukaa kwa kuwa suruali ina vumbi la bandarini. "Mimi nitasimama, mwalimu," akasema. "Hapa mjini sina ami, sina mjomba, sina mtu nimekula kwake. Nitamwogopa nani?" Bi. Nuru, ambaye sikuwahi kumwona akimpa mtu hata asante nzima, akavua pete yake ya fedha akampa ampelekee Mama Mutheu.

Siku yenyewe ami alitoka asubuhi mapema, picha ya Nasoro kwapani. Mama Salim alikuwa jikoni anaosha mchele. Nikavaa buibui, nikafunika uso, nikamwambia naenda dukani mara moja. Akasema, "Haya." Hakugeuka hata. Nilishuka zile ngazi zikinisengenya, nikawaza kwamba sasa namwacha huyu mama peke yake na hasira za mumewe.

Uwanja wa shule ulikuwa tayari umejaa. Mbele kabisa, kando ya ukuta, alisimama ami ameinua picha, na nyuma yake wanaume wamejipanga mpaka lango, wanazungumza, wanatafuna kachri, kama wako kwenye foleni ya sinema. Kando yake Bwana Kioko ameinua picha ya Bi. Nuru kwa mikono miwili, juu kabisa, na nyuma yake wamesimama watu wa bara wachache, vibarua na wapangaji kama yeye. Basi. Nilidhani tumekwisha. Kisha wakaanza kutoka vichochoroni. Wawili wawili, kama walivyokuwa wakialika, kisha makundi, weusi watupu, nyuso zimefunikwa, hakuna anayesema. Wakajipanga. Nikaingia nami karibu na mbele, mwingine akaja nyuma yangu, mwingine nyuma yake, na mstari wetu ukaenda ukakaribia kuwa mrefu kama wao. Wanaume wakaacha kutafuna. Niliwaona wakinyoosha shingo, kila mmoja akitafuta wa kwake, akitazama viatu, akitazama mwendo, na hakuna aliyekuwa na hakika. Kwa muda ule mfupi nilijisikia nina nguvu ambazo sijawahi kuwa nazo tena, na nimeishi maisha mazuri.

Nasoro hakuwa mjinga. Akamwendea karani wa uchaguzi, kijana wa bara aliyevaa tai na kutoka jasho, akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Hawa ni nani? Wajuaje kama ni wa mtaa huu? Wajuaje hata kama ni wanawake?" Wanaume wakacheka, ikawa nafuu kwao kucheka. Karani akaenda kwenye gari lililokuwa kivulini, ambamo mkubwa wake alikaa na kioo kimeshushwa nusu, wakasemezana, akarudi. "Wamama," akasema, na kweli alionekana hapendi analolisema, "mimi sina ubaya na nyinyi. Lakini nimeambiwa mtu asiyejulikana hahesabiwi." Bi. Nuru akamjia juu. "Wataka wafunue nyuso kwa bomba la maji? Hawafunui! Wataka kuwajua, waulize majina. Wazee wa mtaa wako papa hapa, watawashuhudia." Karani akamtazama Nasoro, na Nasoro akatabasamu, akafungua mikono kama mwenyeji mkarimu. "Naam, na wayataje. Mmoja mmoja, kwa sauti, watu wote wasikie."

Alitabasamu kwa sababu alijua alilolifanya. Enzi zile jina la mwanamke wa mji halikutajwa mbele ya wanaume. Ulikuwa mama wa fulani, mke wa fulani, binti wa nyumba fulani. Ami yangu, akitaka kusema mkewe anaumwa, alisema "nyumbani kuna mgonjwa". Kusimama uwanjani na kulipaza jina lako mwenyewe mbele ya wanaume wa mtaa mzima, nyuma ya picha ambayo mumeo hakuichagua, ilikuwa ni kufunua zaidi ya uso. Mwanamke mmoja akatoka mstarini, akaenda zake ameinama. Wa pili akamfuata. Nikahesabu moyoni kwamba wakitoka hivi, Nasoro ana sabini yake kabla ya adhuhuri, na kura ya siri hatutaiona, na nduguye ataendelea kutuuzia maji yetu wenyewe.

Ndipo bibi mmoja mkongwe aliyekuwa mbele kabisa, nyuma ya vibarua, akapiga mkongojo chini. "Mimi Mwanakombo binti Shee," akasema. "Nyumba yangu ile pale. Na we Nasoro usitabasamu, mimi ndiye nalimkanda mamako ulipozaliwa, na ulikuwa mkubwa hivo hivo." Kicheko kikapasuka, safari hii hakikuwa upande wa Nasoro. Karani akamgeukia mzee wa mtaa, "Unamjua?" Mzee akasema, "Nani asiyemjua?" Wa pili akasema lake kwa sauti ndogo. Wa tatu akalirudia mara mbili. Ikanifikia mimi. Ami alikuwa karibu nami kuliko nilivyo na dirisha hili ninapoandika sasa, picha ya Nasoro juu ya kichwa chake, anaangalia mbele. Nikasema, "Mwanaidi binti Omar," na nikamwona ami akipepesa macho. Nikaongeza, na hili sikulipanga, "Nakaa kwa Ami Faraj."

Aliyekuwa nyuma yangu hakungoja kuulizwa. "Rehema binti Ali," akasema, nami nikageuka, kwa kuwa sauti ile ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kwa sala ya alfajiri. "Nakaa kwa Faraj. Huyo aliyeshika picha. Mwulizeni yeye kama yuwanijua." Karani, maskini, hakujua anakanyaga wapi. Akamgeukia ami, akamuuliza kwa heshima, "Mzee, unamjua huyu?" Uwanja wote ulikuwa unasikiliza. Picha ya Nasoro ilishuka polepole mpaka ikafika kifuani mwa ami. Kisha akasema, "Namjua."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kutuzuia. Majina yakatoka moja baada ya jingine, mengine kwa kunong'ona, mengine kwa kelele, majina ya kizamani ambayo sikujua watu wanayo, na wale wawili waliotoka wakarudi wakataja yao. Karani akahesabu vichwa vyetu, akahesabu vya wanaume, akahesabu tena. Mtu yeyote mwenye macho aliona mistari miwili imelingana. Akaenda kwenye gari. Alikaa huko sana. Aliporudi hakumtazama mtu, akasoma kwamba Bwana Nasoro amepata zaidi ya sabini kwa mia na amepita. Wanaume wenyewe hawakushangilia, walitazamana. Na Bi. Nuru, mnayeambiwa alipokea matokeo kwa moyo safi, alisimama mbele ya lile gari akawa anapiga boneti kwa kiganja na kusema, "Nuru binti Hamisi hakubali. Hakubali. Mwambieni aliyewatuma, Nuru binti Hamisi hakubali," mpaka askari wakamwondoa kwa mikono na gari likapita. Hakukubali siku ile, hakukubali mwaka ule, na nilipomtembelea mara ya mwisho, amelala hawezi kuinua kichwa, nilimtania nikamuuliza kama sasa amekubali, akaniambia nitoke chumbani mwake.

Nasoro alikaa kwenye baraza la manispaa muda wake wote, bomba halikutengenezwa, na kura ya siri kwa wote ilirudi baadaye, kwa nguvu za watu wengi kuliko sisi. Sitaki kumdanganya yule msichana wa hitima. Tulitaka tuhesabiwe na hatukuhesabiwa. Tulirudi nyumbani mimi na Mama Salim kwa njia moja, tukapika kwa kuchelewa. Ami alikula. Alipomaliza alinawa akasema, "Umenifedhehesha." Mama Salim akakusanya sahani. "Kwa kutaja jina langu, au kwa wewe kusema wanijua?" akauliza, na ami akaenda kulala.

Asubuhi yake tulikuwa sebuleni tunakunywa chai na mahamri, sote watatu, kila mtu anatazama kikombe chake. Tukasikia kicheko kikubwa kinakuja mtaani. Bwana Nasoro alikuwa anapita nyumba za watu wake kutoa shukrani, na yetu ndiyo ya kwanza. "Hodi! Faraj! Hodi wenyewe!" Ami akaanza kuinuka. Mama Salim akamtangulia dirishani. "Nani?" akauliza.

"Mimi, Diwani."

"Diwani nani? Taja jina. Kwa sauti, watu wasikie."

Nasoro akacheka, akadhani ni mzaha wa shemeji. Alipoona hakuna anayeshuka akasema, "Nasoro. Nasoro bin Hemed." Mama Salim akainua uso kwenye dirisha la nyumba ya pili. "Bi. Mwanakombo! Kuna mtu hapa yuwasema ni Nasoro bin Hemed. Wamjua?"

Dirisha likafunguka. "Simjui," akasema bibi.

Dirisha jingine likafunguka ng'ambo. "Hata mimi simjui." Na la mbele yake, na la mbele yake, sauti za wanawake tu, simjui, simjui, mpaka mtaa unapokata kona tukawa hatuwasikii vizuri. Chini Nasoro alikuwa ameacha kucheka. "Faraj!" akaita. "Shuka unifungulie mlango!"

Ami alikuwa amesimama katikati ya sebule. Akatazama ngazi. Akamtazama mkewe, aliyekuwa bado dirishani amempa mgongo. Kisha akarudi akaketi, akasukuma kikombe chake mbele yangu nimjazie chai.